Usangu: tumeulizana sana nani amemaliza maji, hatujauliza banio limeshikwa na nani

MLETA UZI

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba mnivumilie kwa urefu wa andiko hili, kwa sababu shauri lenyewe limezoeleka kuletwa hapa vipande vipande. Anayeandika habari za wafugaji huuacha mto, anayeandika habari za mto huiacha mipaka ya hifadhi, na anayeandika habari za mipaka huona mpunga na umeme kuwa mambo ya watu wengine. Kwa sisi tuliokulia mwisho wa mifereji ya Usangu, ambako maji hufika yakiwa yameshapita mikononi mwa kila mtu, ardhi na maji havijawahi kuwa mashauri mawili. Jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga, lisilo na zamu ya maji ni uwanja tu, na malisho yasiyo na njia ya kufika mtoni hayamfai mfugaji yeyote.

Kwa wasiolijua bonde hili, Usangu iko wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, chini ya milima ya Uporoto na Kipengere. Mito ya Chimala, Kimani, Mbarali, Mkoji na Ruaha yenyewe hushuka kutoka milimani, Ndembera hutokea upande wa Iringa, na maji hukusanyika katika ardhioevu inayoitwa Ihefu. (Vijana wengi wamelijua jina hili kupitia timu ya mpira iliyokuwa ikicheza Ubaruku kabla ya kuhamia Singida na kubadilishwa jina, ardhioevu yenyewe haijapata bahati ya kutangazwa kila mwisho wa juma.) Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mwamba wa Ng'iriama, ambao kazi yake ni ile ya kizingiti cha nyumba: maji yasipofikia kimo chake, hayavuki. Yakivuka, Ruaha Mkuu huingia katika Hifadhi ya Taifa Ruaha, hupokewa na bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, hushuka hadi Kidatu kwenye mitambo ya megawati 204, na hatimaye huungana na Rufiji.

Mwishoni mwa mwaka 1993 mto ulikatika ndani ya hifadhi, jambo ambalo wenyeji hawakuwahi kulizoea, na tangu hapo umekuwa ukikatika kiangazi baada ya kiangazi. Miaka hiyohiyo nchi ilikuwa katika mgawo wa umeme. Mambo hayo mawili yalipotokea kwa pamoja, yakaunganishwa kuwa hadithi moja nyepesi kusimulia: maji yameisha Usangu, kwa hiyo taa zimezimika Dar es Salaam. Kilichobaki kikawa kumtafuta mwenye hatia, na mwenye hatia akapatikana upesi, naye ni mfugaji, kwa sababu ng'ombe huonekana hata kutoka angani, ilhali maji yanayoingia katika mfereji wa zege hayaonekani na mtu asiyekwenda kulitazama banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoyaelekeza maji mferejini.

Tufanye hesabu ya darasa la tano. Ng'ombe wetu wa asili hunywa lita 30 hadi 40 kwa siku. Tuchukue lita 40, na tuseme ng'ombe walikuwa laki tatu. Hizo ni lita milioni 12 kwa siku, ambazo ukizigawa kwa sekunde 86,400 unapata lita zipatazo 140 kwa sekunde. Banio moja la shamba kubwa la mpunga hupitisha mara nyingi ya kiasi hicho. Sisemi kwamba mifugo haina madhara. Kwato nyingi mahali pamoja huharibu kingo za mito, na malisho yakizidiwa ardhi hubaki tupu. Lakini hilo ni shauri la udongo na nyasi, si jibu la swali la nani aliyekunywa mto.

Watafiti waliofanya kazi bondeni humu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walitenganisha yale yaliyokuwa yamefungwa pamoja. Kukauka kwa mto ndani ya hifadhi kulitokana hasa na maji yanayochepushwa huku juu wakati wa kiangazi, wakati ambapo mto wenyewe una maji kidogo. Upungufu wa Mtera ulikuwa jambo jingine, kwa kuwa bwawa lile hujazwa na mafuriko ya masika, tena hupokea pia maji ya Ruaha Mdogo na Kisigo, na sehemu kubwa ya tatizo la mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitokana na namna maji yalivyofunguliwa kwenda Kidatu. Kwa maneno mengine, hata kama kila mkulima wa Usangu angefunga mfereji wake mwezi wa Oktoba, yale maji kidogo yasingelijaza bwawa.

Matokeo ya uchunguzi huo hayakuzuia yaliyofuata. Mwezi Machi 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi, akiwa London, kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 hadi 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, lililokuwa Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa Ruaha, mipaka mipya ikagusa vijiji vilivyokuwa vimesajiliwa. Mwaka 2010 ukafika na kupita, na mto ukaendelea kukatika. Aprili 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, alizindua mjini Iringa kikosi kazi cha kuunusuru mto uleule, ingawa ng'ombe walikuwa wameshaondoka kwa miaka kumi.

Sasa nifike kwenye banio, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Banio la zamani lilijengwa kwa miti, mawe, nyasi na udongo. Lilivuja, na kila masika lilisombwa, watu wakalijenga upya. Wataalamu waliliona ni la kizamani na lenye upotevu, jambo ambalo ni kweli ukilitazama kutoka shambani, lakini ukilitazama kutoka kijiji cha chini, ule uvujaji ulikuwa ndio mgawo wetu. Likaja banio la zege lenye lango la chuma. Hili halivuji, kiangazi mto ukiwa mwembamba, lango moja likifunguliwa linaweza kuumeza wote. Kisha mwenye banio hupewa kibali cha kutumia maji kilichoandikwa kiasi maalumu, lita kadhaa kwa sekunde, na kulipia ada yake. Kiasi hicho kilikisiwa pakiwa na maji. Mto unapopungua, kibali hakipungui, na ukimuuliza mwenzako wa juu kwa nini hakuachii chochote, atakuonyesha stakabadhi. Nilipokuwa katibu wa jumuiya yetu ya wamwagiliaji nilionyeshwa stakabadhi hiyo zaidi ya mara moja, na kwa hakika ilikuwa halali.

Ndiyo maana naona kampeni za vijiji vyetu zimekuwa zikipigana kwa mkono mmoja. Tunadai mipaka ya ardhi irekebishwe, na ni haki yetu. Lakini tungepewa leo kila eka tunayoidai, bila kubadilisha namna maji ya kiangazi yanavyogawanywa tungekuwa na ardhi ya kulima mara moja kwa mwaka na kunywa maji ya visima vya kuchimba kwa mikono mchangani. Ninachopendekeza ni hiki: masika kila banio lichukue kiasi kilichoandikwa katika kibali, maana maji ni mengi, kiangazi vibali visomwe kama mafungu ya kile kilichopo mtoni, na fungu la kwanza, kabla ya shamba lolote, liwe la kunywa na la kupita chini. Karibuni kwa michango.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa utulivu, na hesabu yako ya ng'ombe sina cha kuipinga. Hata hivyo naona umemsamehe mkulima mdogo haraka mno.

Mimi nimefanya kazi katika eneo la hifadhi kwa miaka kadhaa. Sijui kama wewe umewahi kusimama kando ya Ruaha mwezi wa Novemba ukaona viboko wamebanana katika dimbwi la matope lisilozidi ukubwa wa uwanja wa mpira, samaki wakielea tumbo juu. Maji yale hayakuchukuliwa na shamba kubwa peke yake. Tangu kabla ya uhuru, Wabaluchi walipofungua mifereji ya mpunga, hadi shamba la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970, hadi mashamba ya mpunga ya Kapunga na Madibira, kila skimu iliyoanzishwa ilivuta watu, na watu hao walijifungulia mifereji yao wenyewe pembeni. Nyanya, vitunguu na mahindi ya kuchoma vinavyouzwa barabarani Igurusi na Chimala wakati wa kiangazi vimemwagiliwa na maji yaleyale. Ukisema haki ya maji bila kusema ukomo wa mashamba, unagawa sufuria moja ya ubwabwa kwa wageni wasiokoma kuingia.

Pia sioni ni kwa vipi ardhioevu kama Ihefu ingeweza kuachwa bila ulinzi wowote. Mahali ambapo kila mtu anaingia anapotaka hapalindwi na nia njema. Naomba unijibu hilo kabla ya kuzungumzia mafungu.

MLETA UZI

Nakushukuru mkuu, na nakiri sehemu ya kwanza bila kubisha. Mkulima mdogo wa juu anamnyima mkulima mdogo wa chini, tena mara nyingi ni ndugu na wameoana. Sikutaka kumfanya malaika.

Watafiti niliowataja walikuwa na mchezo waliouchezesha vijijini, ambao mimi naukumbuka kuliko ripoti yoyote. Ni ubao mrefu ulioinamishwa, umechongwa mfano wa mto, na gololi za kioo zikimiminwa juu ndiyo maji. Washiriki huweka vijiti kuwa mabanio, na kila mmoja hukusanya gololi kwenye vishimo vyake, ambavyo ni majaruba. Aliye juu hujaza vishimo vyake vyote na gololi zikamwagika, na aliye chini hupata mbili au hapati kabisa. Kisha watu hubadilishana nafasi. Mzee aliyekuwa akisema kwamba watu wa chini ni wavivu hukalishwa chini, na baada ya kumiminwa mara mbili huanza kuzungumzia zamu. Hapakuwa na faini wala mgambo katika mchezo ule, ila kila mtu aliuona mto mzima kwa mara ya kwanza.

Kuhusu Ihefu, hesabu inanisaidia kukukubalia na kukukatalia kwa wakati mmoja. Ardhioevu ile hupoteza maji mengi kwa jua. Uchunguzi ulionyesha kwamba ili nusu ya mita ya ujazo tu kwa sekunde ivuke Ng'iriama wakati wa kiangazi, Ihefu inahitaji kuingiziwa wastani wa mita za ujazo zipatazo 7 kwa sekunde, karibu mara mbili ya kilichokuwa kikiingia wakati huo. Kwa hiyo ni kweli kwamba ulinzi unahitajika. Lakini angalia ulinzi uliofanyika ulikuwa wapi: uliwekwa kwenye ardhioevu yenyewe, kwa kuondoa waliokuwa ndani yake, ilhali maji yalikuwa yakikatwa kilomita nyingi juu, kabla hayajafika. Ni sawa na kuweka mlinzi kwenye pipa ambalo bomba lake limefungwa jikoni.

Na ukomo wa mashamba ya kiangazi, mimi nauunga mkono, kwa sharti moja: uanze na anayechukua zaidi. Kijiji kikiambiwa kipunguze bustani za nyanya huku mfereji wa hekta maelfu ukiwa umejaa, hakuna mwenyekiti atakayeusimamia uamuzi huo akarudi nyumbani salama.

MCHANGIAJI WA PILI

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Mimi ni mtoto wa mfugaji, na nimesita kuchangia kwa sababu kila uzi wa aina hii huishia kutuita wavamizi. Familia yetu iliondoka Usangu nikiwa kidato cha kwanza. Sitawataja waliohesabu mifugo yetu wala waliotoza faini, kwa kuwa nia yangu si kesi. Nitasema tu kwamba baba aliondoka na ng'ombe wengi, akafika kusini na wachache, na tulipofika tuliambiwa na wenyeji kwamba hawakuwa na taarifa ya ujio wetu. Malambo na majosho tuliyoahidiwa hayakuwepo. Wakulima wa huko wakatuona kama adha, na kusema kweli ng'ombe wetu waliingia mashambani mwao, maana hapakuwa na mapito.

Nakubaliana na mleta uzi juu ya maji, lakini kuna kitu anakipita kwa haraka. Mkulima wa chini ana banio lake, hata likiwa bovu. Ana jumuiya ya umwagiliaji. Ana mahali pa kuketi panapozungumzwa lita kwa sekunde. Mfugaji hana banio. Hakuna kibali kinachoandikwa "ng'ombe mia tano kupita mtoni kuanzia Julai". Katika mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, eneo la malisho hutengwa palepale ambapo hapalimiki, na ikifika masika likifaa kwa mpunga, Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa na kulibadilisha kwa wingi wa kura, na sisi ni wachache. Hayo yote hufanyika kwa muhtasari uliosainiwa, kwa utaratibu unaosifiwa katika semina.

Kisha lipo lile neno "ardhi isiyotumika". Naomba wanasheria wa humu watusaidie. Malisho tunayoyaacha yapumzike kwa miezi minane, ili nyasi zirudi, yanatumika au hayatumiki?

MCHANGIAJI WA TATU

Kaka, swali lako ndilo lililonifanya niingie. Mimi nimesaidia vijiji kadhaa kuandaa nyaraka, na nitajibu kwa kadiri ya ninavyozifahamu sheria.

Tuna sheria mbili zilizopitishwa pamoja mwaka 1999: Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Zinagawa ardhi katika makundi matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya vijiji. Tatizo ni kwamba Sheria Na. 4, inapoeleza ardhi ya jumla, inaingiza humo na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Na. 5 haina maneno hayo. Kwa hiyo malisho yako yaliyopumzishwa ni ardhi ya kijiji ukisoma kitabu kimoja, na yanaweza kudaiwa kuwa ardhi ya jumla ukisoma kingine. Nafasi hiyo ndogo kati ya vitabu viwili imepitisha mengi.

Historia yake ni ndefu kuliko Usangu. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililokuwa na mashamba ya mpunga ya Mbarali na Kapunga, ndilo hilohilo lililokuwa na mashamba ya ngano Hanang, katika nyanda za malisho za wafugaji wa Kibarbaig. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki na kikashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu, kwa sababu kijiji hakikuweza kuthibitisha kwamba ardhi ile kiligawiwa rasmi. Watu waliolisha ng'ombe pale kwa vizazi walishindwa kwa kukosa karatasi. Mwaka 1994 mahakama hiyohiyo ilitamka katika kesi nyingine kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na tamko hilo limetusaidia sana tangu hapo, lakini somo la Mulbadaw bado linauma: aliye na muhtasari hutangulia aliye na makaburi ya babu zake.

Kapunga yenyewe mnaijua. Shamba lilipobinafsishwa mwaka 2006, hati ilibeba hekta 7,370 badala ya 5,500, na katika zile hekta 1,870 zilizozidi kilikuwemo kijiji. Kijiji kizima chenye watu, shule na zahanati kiliuzwa ndani ya kosa la kuandika! Serikali yenyewe ilikuja kukiri kwamba eneo lile ni la wananchi, lakini watu walikuwa wameshahangaika kwa miaka mingi, wengine wakilima bila kujua kama watavuna.

Kwa upande wa maji, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, na ndipo kilimo, umeme na viwanda. Mama anayechota ndoo mferejini hahitaji kibali cha mtu. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu vijiji vingi vya Usangu havina chanzo kingine ila mfereji wa mpunga. Wanaume wakikubaliana kufunga lango usiku ili zamu ihamie kitongoji kingine, asubuhi wanawake hukuta mfereji mkavu, na hakuna katika kikao aliyekumbuka kwamba mfereji ule ni bomba pia. Nimeshuhudia mwanamke akiuliza jambo hilo mkutanoni, akajibiwa kwamba hayo yatajadiliwa siku ya mradi wa kisima.

Halafu msizichanganye jumuiya mbili zenye majina yanayofanana. Ipo jumuiya ya watumia maji ya mto, chini ya Bodi ya Maji ya Bonde, kwenu ikiwa Bonde la Rufiji, na hiyo ndiyo inayoweza kuzungumzia mabanio na vibali. Ipo nyingine inayoendesha kisima au bomba la kijiji, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 na RUWASA, wakala wa maji vijijini. Nimeona kijiji kikipeleka malalamiko ya banio kwa jumuiya ya bomba, na barua ikakaa humo miezi.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Naomba kuongeza jambo moja la haki kwa upande niliokuwa naupinga. Mwezi Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba vijiji vitano vya Mbarali vitaondolewa kupisha hifadhi na chanzo cha maji, na Oktoba 2023 likatoka Tangazo la Serikali Na. 754 lililorekebisha mipaka, likaachia baadhi ya maeneo na kubakiza mengine. Nilidhani jambo limekwisha. Kilichonishangaza ni kwamba wananchi hawakuishia kwa mbunge na mkuu wa wilaya. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2023 malalamiko yakapelekwa hadi kwenye jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, iliyokuwa ikifadhili mradi wa utalii na uhifadhi wa kusini kwa dola milioni 150. Aprili 2024 benki ikasimamisha malipo, na kabla ya mwaka kwisha mradi ukafungwa. Wapo waliofurahi na wapo waliosikitika, maana mradi ule ulikuwa pia na fedha za mambo ya maji na umwagiliaji. Mimi nimebaki na maswali, ila siwezi tena kusema kwamba wanavijiji hawajui njia za kupita.

MLETA UZI

Nawashukuru nyote. Nimejifunza zaidi ya nilivyotarajia, na niwajibu kwa kifupi kabla umeme haujakatika, jambo ambalo huku kwetu bado husemwa kwa utani kwamba ni kosa letu wenyewe.

Ndugu yangu mtoto wa mfugaji, umenishika pabaya. Katika jumuiya yetu hapakuwa na mfugaji hata mmoja, na hatukuwahi kuona kwamba ni upungufu. Tulikuwa tukigawana zamu za saa kumi na mbili kumi na mbili, kitongoji kwa kitongoji, tukaandika hadi zamu ya bustani ya shule, na ng'ombe tuliwaweka katika sheria ndogo za faini tu. Kama mafungu ya kiangazi yatakubaliwa siku moja, njia ya kufika mtoni na mahali pa kunyweshea inabidi viandikwe katika karatasi ileile inayoandika mabanio. Vikiachwa kwa mpango wa ardhi pekee vitafutwa kwa kura, kama ulivyosema.

Dada yetu wa nyaraka, naomba ruhusa ya kuunukuu mchango wako katika kikao cha kata. Na hilo la kufunga lango usiku, nakiri kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisaini ratiba.

Nimeulizwa pembeni na wanajukwaa wawili kwamba kijiji kianzie wapi. Sina orodha, ila naweza kusema sisi tunakoanzia. Cheti cha ardhi ya kijiji na ramani yake tunavyo, na tumevitoa kwenye kabati la mtendaji kuvinakili, kwa kuwa panya hawajui thamani yake. Sheria inataka ardhi isiyozidi hekta 250 inayohamishwa kutoka kijijini ipate ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na inayozidi hapo iende kwa Waziri baada ya mkutano kutoa maoni yake, kwa hiyo mihtasari ya mikutano yote ya ardhi tangu kijiji kisajiliwe inatafutwa, hata iliyo kwenye madaftari ya watoto wa wenyeviti waliofariki. Baraza la Ardhi la Kijiji linatakiwa kuwa na wajumbe saba, wakiwemo wanawake wasiopungua watatu. Letu lina wawili, na mwenye hila anaweza kuibatilisha kazi yake yote kwa hilo tu, basi linarekebishwa mwezi huu.

Kwa upande wa maji hatuna chombo cha kupimia, wala hatungojei kuletewa. Tumekubaliana na vijiji viwili vya juu kwamba kila banio lipigwe mistari ya rangi kwenye ukuta wa zege, mmoja kwa kila sentimita kumi, na vijana wa pande zote mbili waende kuusoma pamoja kila Jumatatu asubuhi kuanzia Julai hadi mvua zitakapoanza, waandike katika daftari mbili, moja ikae juu na moja ikae chini. Kijiji cha tatu, ambacho ndicho chenye lango kubwa kuliko yote, bado hakijajibu barua yetu. Mwenyekiti wao ameniambia kwa simu kwamba wanangoja kwanza kuona rangi tutakayoitumia, na sijui kama ulikuwa utani. Nimenunua nyekundu.